MAISHA YA STEPHANUS JACOBUS DU TOIT, MTETEZI WA LUGHA ILIYODHARAULIWA

Wasomaji wengi wa gazeti letu watashangaa kumwona mwanafunzi wa Kidato cha Nne akiandika habari za Kaburu. Kwetu sisi jina hilo si jina la sifa. Limefungamana na ubaguzi wa rangi, na hata mtoto mdogo akimwona mwenzake mchoyo au mkatili humwita kaburu. Walakini mwalimu wetu wa Historia hutuambia kwamba kumjua mtu si kumsifu, na kwamba mara nyingine mtu tusiyempenda hutufundisha zaidi kuliko yule tunayempenda. Kwa sababu hiyo nimechagua kusimulia maisha ya Mchungaji Stephanus Jacobus du Toit, mtu aliyeanza na jambo jema, akalipata, kisha akapotewa na watu wake mwenyewe.

Du Toit alizaliwa tarehe 9 Oktoba, 1847, katika shamba liitwalo Kleinbosch, huko Daljosafat, karibu na mji wa Paarl katika Koloni la Cape. Bonde lile ni bonde la mizabibu, na milima imelizunguka. Asili ya ukoo wake ilikuwa Ufaransa. Mababu zake walikuwa Wakristo waliofukuzwa kwao kwa ajili ya dini, na wengi wa wakimbizi wale walifika Afrika ya Kusini mwaka 1688. Wakati huo Waholanzi walikuwa wamekwisha kukaa Cape tangu 1652, na Wafaransa wale wakaingia kati yao, wakaiacha lugha yao na kushika ile waliyoikuta.

Hapana budi nieleze kidogo habari za lugha yenyewe, maana bila hiyo hatuwezi kufahamu kisa hiki. Waholanzi waliokuja Cape walisema Kiholanzi cha kwao. Lakini wakaleta watumwa kutoka Uhindi, visiwa vya Indonesia, Bukini na pwani za Afrika, na wenyeji wa nchi walikuwa Wakhoikhoi. Watu hao wote waliishi pamoja jikoni, mashambani na sokoni, wakasemezana Kiholanzi kila mmoja kwa namna yake. Baada ya miaka mia moja na zaidi Kiholanzi kile kikawa kingine. Mathalan, Mholanzi akitaka kusema sisi tuko husema “wij zijn”, lakini mtu wa Cape alisema “ons is”, na kitenzi hicho hakikubadilika kwa mimi, wewe wala wao. Neno “baie”, maana yake nyingi, lilitoka katika Kimalai. Hiyo ndiyo lugha ambayo leo yaitwa Kiafrikana, na wengi wetu huiita Kikaburu. Siku zile haikuwa na jina la heshima. Wakubwa waliiita lugha ya jikoni.

Basi mtoto du Toit alikua katika hali ya ajabu. Nyumbani alisema lugha hiyo ya jikoni. Kanisani alisikia Kiholanzi cha Biblia, ambacho wengi hawakukifahamu vema. Serikalini na mahakamani kulitumika Kiingereza, kwa sababu Waingereza walikuwa wameichukua Cape mwaka 1806, na kuanzia mwaka 1865 shule za Serikali zilitakiwa kufundisha kwa Kiingereza. Mtoto wa shamba aliingia darasani akiwa na ulimi ambao mwalimu hakuutaka.

Alipelekwa kusoma katika shule ya Paarl iliyoitwa Gymnasium. Huko alikutana na mwalimu aliyegeuza maisha yake. Mwalimu huyo ni Arnoldus Pannevis, Mholanzi aliyezaliwa mwaka 1838 na kuja Cape mwaka 1866. Alifundisha lugha za kale, Kigiriki na Kilatini, na masikio yake yalikuwa mepesi kwa lugha. Wengine walisikia Kiholanzi kilichoharibika. Pannevis alisikia lugha mpya yenye kanuni zake. Tena aliona jambo jingine, nalo lilimhuzunisha. Aliona ya kuwa watu wengi wa Cape, hasa machotara na wazao wa watumwa, walisomewa Biblia kila Jumapili wasiielewe. Mwaka 1872 akaandika barua gazetini akiomba Biblia ifasiriwe katika lugha ya watu hao. Mwaka 1874 akaandika kwa Chama cha Biblia cha Uingereza. Chama kikakataa, kikiona kwamba haifai kuyapa maisha marefu maneno ya ovyo kwa kuyapiga chapa.

Naomba msomaji aikumbuke barua hiyo ya Pannevis, kwa maana nitairudia.

Du Toit alipotoka Paarl alikwenda Stellenbosch kusomea uchungaji, na mwaka 1875 akawa mchungaji wa usharika mpya wa Noorder-Paarl. Kabla ya hapo, mwaka 1874, alikwisha kuandika makala tatu katika gazeti la De Zuid-Afrikaan, akitumia jina la kujificha la Mwafrikana wa kweli. Alisema katika makala zile kwamba lugha ya mama ni zawadi ya Mungu kwa kila taifa, na kwamba mtu anayeidharau humdharau aliyempa. Aliweka pia kanuni ya kuandika: andika kama usemavyo. Wasomi wakacheka, lakini mkulima akisomewa makala zile aliona kwamba kwa mara ya kwanza mtu anaandika kama yeye anavyosema.

Tarehe 14 Agosti, 1875, watu wanane walikutana Paarl nyumbani kwa Gideon Malherbe, wakaanzisha Chama cha Waafrikana wa Kweli. Du Toit aliongoza, na mwandishi wa chama alikuwa C. P. Hoogenhout. Bwana huyo naye alikuwa Mholanzi, mzaliwa wa Amsterdam, aliyekuja Cape mwaka 1860 akiwa kijana. Mwaka 1873 alikwisha kukiandika kisa cha Yusufu kwa lugha ya watu wa Cape, akitumia jina la Klaas Waarzegger. Hivyo waliowasha moto ule pamoja na du Toit walikuwa Waholanzi wawili, Pannevis na Hoogenhout. Wageni waliisikia thamani ya lugha ambayo wenyewe waliionea haya. Mambo kama hayo yametokea mahali pengi.

Watu wale wanane walikuwa wamekutana kuzungumza juu ya Biblia. Lakini walipokwisha kushauriana waliona kwamba watu hawajawa tayari, na kwamba kwanza lazima wapate gazeti litakaloifanya lugha iheshimiwe. Neno hilo lilikuwa la busara. Walakini hapo ndipo njia ilipopinda kidogo. Pannevis alikuwa akiwafikiria machotara waliokaa kanisani bila kufahamu. Chama kikaanza kufikiria taifa la Waafrikana weupe. Kiliwagawanya Waafrikana katika mafungu matatu, wenye mioyo ya Kiingereza, wenye mioyo ya Kiholanzi na wenye mioyo ya Kiafrikana, na kikasema kinawatetea hao wa tatu. Wazao wa watumwa, ambao mababu zao walisaidia kuiumba lugha ile, hawakuhesabiwa katika fungu lo lote.

Gazeti lilitoka tarehe 15 Januari, 1876, likaitwa Die Afrikaanse Patriot. Walioliagiza mwanzoni walikuwa wapata 50 tu. Magazeti makubwa yalilidhihaki, na wachungaji wengi walilikemea. Waliolisoma wengine walilificha. Hata hivyo chama hakikukata tamaa. Mwaka huo huo wa 1876 kilitoa kitabu cha sarufi, na mwaka 1877 kikatoa kitabu cha historia ya nchi kilichoandikwa kwa lugha ya watu. Ndugu yake du Toit, D. F. du Toit, akawa mhariri, na wasomaji walimjua kwa jina la Mjomba Lokomotivu. Watu wa mashambani wakaanza kuleta barua na mashairi. Watu ambao maisha yao yote hawakushika kalamu walijaribu kuandika, kwa sababu sasa hawakuogopa kukosea Kiholanzi. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi bora kupita zote alizozifanya du Toit.

Mwaka 1877 Waingereza waliitwaa nchi ya Transvaal. Makaburu wa kule wakakasirika, na Patriot likawasemea bila hofu. Ndipo wasomaji wakaongezeka hata wakapita 3,000. Mwaka 1879 du Toit akatoa gazetini shauri la kuunda chama cha siasa kiitwacho Afrikaner Bond. Chama hicho kikaenea, lakini baadaye kiliingia mikononi mwa Jan Hofmeyr, mwanasiasa mpole na mwenye hadhari kuliko yeye. Makaburu wa Transvaal wakapigana na Waingereza, wakawashinda katika mlima Majuba tarehe 27 Februari, 1881, wakarudishiwa madaraka yao ya ndani.

Ushindi ule uliwaamsha Waholanzi wa Ulaya, waliokuwa karibu wamewasahau ndugu zao wa Afrika. Mwaka huo huo wa 1881 mabwana wenye elimu walianzisha Amsterdam chama cha Uholanzi na Afrika ya Kusini, ili kukuza urafiki, elimu na lugha. Mwaka 1882 du Toit akaitwa Transvaal awe Mkuu wa Elimu. Mwaka 1883 akaenda Ulaya pamoja na Rais Paul Kruger na Jemadari Nicolaas Smit, na mkataba mpya na Waingereza ukatiwa sahihi London tarehe 27 Februari, 1884. Kisha wakazuru Uholanzi, wakapokewa kwa shangwe. Katika safari hiyo Kruger alimpata kijana mwanasheria, Willem Jan Leyds, aliyezaliwa kisiwa cha Java, ambaye baadaye alipanda hata akawa Katibu wa Dola ya Transvaal.

Hapa napenda msomaji atazame jambo moja. Waholanzi wale wa Amsterdam walipenda Afrika ya Kusini, lakini lugha waliyotaka kuikuza ilikuwa Kiholanzi. Du Toit naye, alipokuwa Mkuu wa Elimu wa Transvaal, alisimamia shule zilizofundisha kwa Kiholanzi. Yule aliyesema andika kama usemavyo sasa aliwaona watoto wa Makaburu wakiandika wasivyosema. Labda aliona hakuna vitabu wala walimu wa kutosha. Lakini huko kwao Daljosafat, mwaka 1882, ilifunguliwa shule ndogo ya kuwakumbuka wale wakimbizi wa Kifaransa, na humo watoto walifundishwa kwa Kiafrikana. Kwa hiyo mbegu haikufa.

Tangu safari ile ya Ulaya, mambo ya du Toit yakaanza kwenda kombo. Mwaka 1884 alitumwa mpakani, upande wa magharibi wa Transvaal, akapandisha bendera ya Transvaal mahali paitwapo Rooigrond, katika nchi ambayo Waingereza waliikataza. Waingereza wakapeleka jeshi chini ya Jemadari Charles Warren, na Kruger akalazimika kurudi nyuma. Mwaka 1888 du Toit aliacha kazi yake, kisha akarudi Cape. Alikuwa na wivu juu ya Waholanzi waliojaa katika ofisi za Kruger, naye Kruger hakumsikiliza tena kama zamani.

Ndipo likatokea jambo lililowashangaza wote. Mtu aliyewachochea Makaburu dhidi ya Waingereza akageuka, akawa rafiki wa siasa za Cecil Rhodes. Mwaka 1894 alisafiri hata nchi ambayo leo ni Zimbabwe, akaandika kitabu cha safari ile. Mwisho wa mwaka 1895 Dokta Jameson, mtu wa Rhodes, aliivamia Transvaal na wapanda farasi wake, akashindwa na kukamatwa tarehe 2 Januari, 1896. Waafrikana wengi wa Cape, hata wale waliokuwa wakimwamini Rhodes, walimwacha siku ile. Du Toit hakumwacha. Wasomaji wakalikimbia Patriot. Gazeti lililoanzishwa kwa machozi likaonekana kuwa gazeti la adui, na mwaka 1904 likafa.

Msiba mkubwa zaidi ulikuwa vita vya 1899 hata 1902. Katika vita vile wanawake na watoto wa Makaburu zaidi ya 26,000 walikufa makambini, na Waafrika wasiopungua 14,000 walikufa katika makambi yao, ambao habari zao hazikusimuliwa sana. Du Toit alikuwa upande wa Waingereza. Mwanawe Jakob Daniël, aliyezaliwa mwaka 1877, alikuwa mchungaji katika majeshi ya Makaburu. Baba na mwana walitenganishwa na vita. Mtu aweza kuvumilia kuchekwa na maadui. Lakini kuona mwanao yu upande wa pili wa bunduki, hilo ni jambo jingine.

Hata hivyo du Toit hakuiacha lugha. Na hili ndilo linaloniwia vigumu kumhukumu. Alipokwisha kuachwa na watu, bado aliandika. Mwaka 1893 alitoa kitabu cha Mwanzo kwa Kiafrikana, na mwaka 1895 Injili ya Mathayo. Kuanzia 1896 alihariri jarida dogo liitwalo Ons Klyntji. Mwaka 1897 alitoa mchezo wa kuigiza, na mwaka 1898 hadithi juu ya Malkia wa Sheba. Alikuwa akiifasiri ile Biblia ambayo mwalimu wake Pannevis, aliyefariki mwaka 1884, hakuwahi kuiona. Alifanya kazi hiyo karibu peke yake, na walioisoma walikuwa wachache. Akafa Kleinbosch, mahali alipozaliwa, tarehe 29 Mei, 1911, akiwa na umri wa miaka 63.

Baada ya kufa kwake kazi ilizaa. Mwaka 1914 Kiafrikana kikaruhusiwa kufundishwa shuleni badala ya Kiholanzi, na mwaka 1925 kikawa lugha rasmi ya nchi. Mwaka 1933 Biblia nzima ikatoka kwa Kiafrikana, na aliyefanya sehemu kubwa ya kazi hiyo ni Jakob Daniël, mwana yule yule waliyetenganishwa na vita, ambaye watu wanamjua kwa jina la ushairi la Totius. Nyumba ya Gideon Malherbe imekuwa makumbusho, na mwaka 1975 mnara mkubwa wa lugha ulifunguliwa juu ya mlima wa Paarl.

Lakini hadithi haiishii mnarani. Mwaka mmoja tu baadaye, tarehe 16 Juni, 1976, watoto wa shule wa Soweto walitoka barabarani kwa sababu Serikali iliwalazimisha kujifunza masomo kama hesabu kwa Kiafrikana. Askari waliwapiga risasi, wengi wakafa, na baadhi yao walikuwa wadogo kuliko mimi. Lugha iliyodharauliwa ilikuwa imekwisha kuwa fimbo. Wajukuu wa watu waliolazimishwa Kiingereza waliwalazimisha wengine Kiafrikana, wala hawakukumbuka. Tangu Katiba ya 1996 nchi ile ina lugha rasmi kumi na moja, na mwaka 2023 ikaongezwa lugha ya alama.

Sasa narudi kwenye barua ya Pannevis. Yeye alitaka lugha ipigwe chapa ili mtu wa chini afahamu. Du Toit alitaka lugha ipigwe chapa ili taifa lake lisimame. Yote mawili yanafanana mwanzoni, lakini mwisho wake si mmoja. Tena wako watu waliotangulia wote wawili. Waislamu wa Cape walikuwa wakiandika lugha hiyo kwa herufi za Kiarabu, kama wazee wetu wa pwani walivyoandika Kiswahili. Sheikh Abu Bakr Effendi, aliyetumwa Cape na Sultani wa Uturuki, alitunga kitabu cha dini kwa Kiafrikana mwaka 1869, nacho kikapigwa chapa Istanbul mwaka 1877. Du Toit na wenzake walijisifu kuwa wanaiokoa lugha yao, kumbe majirani zao weusi na wekundu walikuwa wakiitumia kumwabudu Mungu bila makelele. Lau wangewahesabu hao kuwa wenzi katika lugha moja, huenda Afrika ya Kusini isingepata hasara iliyopata.

Sisi wanafunzi tuna nini cha kujifunza? Kwanza, tusiionee haya lugha ya nyumbani. Katika mabweni yetu twachekana kwa matamshi, huyu anaweka “l” mahali pa “r”, yule analeta maneno ya kwao. Du Toit alichekwa vivyo hivyo. Pili, tukipata nguvu tusimpe mwingine maumivu tuliyopewa sisi. Kiswahili kimekuwa kikubwa, na kitazidi kuwa kikubwa. Basi kisiwe fimbo juu ya mtoto wa kijijini ambaye bado anakisema kwa kigugumizi. Tatu, mtu aweza kukosea mengi katika siasa na bado akaacha kazi njema mezani pake. Tuichukue kazi, na makosa tuyajue, tusiyarudie.

Lugha ni kama kisima. Aliyekichimba ana haki ya kushukuriwa, lakini maji hayaulizi anayekunywa ni mtoto wa nani.

Mwanafunzi, Kidato cha IV